Jinsi ya kuwaandikia watoto hadithi ya kihistoria kuhusu vita au ugaidi

Maswali ya wanaoanza ni yale yale kila mara. Mtoto wa miaka 9 aambiwe kwamba watu walikufa? Damu iwe kiasi gani? Je, ni halali kumtia mtoto wa kubuni ndani ya tukio lililotokea kweli, ambalo ndugu za watu walipotelea humo? Mwongozo huu ni wako wewe mwenye tukio kichwani na usiyejua uanzie wapi. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ya 3 na ya 7 ndizo zinazoangusha miswada mingi, kwa hiyo zimepewa nafasi kubwa.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana kila hatua inarudi hapo: mtoto hadanganywi, anapimiwa. Ukimficha kifo, atajua, kwa sababu amekwisha kukisikia redioni na mezani kwa wakubwa. Ukimmwagia kila kitu, atafunga kitabu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tukio moja lenye tarehe. "Vita" peke yake si tukio, ni miaka.
- Magazeti au taarifa za redio za siku ile na siku mbili zilizofuata. Makala za kumbukumbu zilizoandikwa miaka 20 baadaye zitakusaidia mwishoni. Mwanzoni zinadhuru, kwa sababu zinajua yote. Gazeti la siku ile linakuonyesha watu walikuwa hawajui nini.
- Ramani ya eneo kama lilivyokuwa mwaka huo.
- Kalenda ya mwaka huo, hali ya hewa ya siku hiyo, na ukubwa wa mwezi usiku huo.
- Watu wazima wawili au watatu waliokuwa watoto wakati ule. Kama hawapo tena, shajara na barua.
- Madaftari mawili: moja la ukweli, jingine la kubuni. Usiandike jambo la kubuni kwenye daftari la ukweli hata kwa penseli. Baada ya miezi minne utaliamini.
- Watoto watatu hadi watano wa umri unaouandikia, pamoja na mwalimu au mshauri nasaha atakayesoma kabla yao.
- Muda. Kwa kitabu cha kurasa mia moja hivi, weka miezi miwili ya utafiti, mitatu ya rasimu, na miwili au mitatu ya kusahihisha.

Hatua ya 1. Punguza tukio hadi lienee kwenye siku na mtaa

Chukua tukio, kisha chagua siku chache na mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwa miguu. Mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulitokea Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, saa nne na nusu zilipopita kidogo. Karibu dakika hizo hizo ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam ukalipuliwa pia. Wanaoanza hutaka kuandika miji yote miwili. Chagua mmoja. Mtoto aliye Nairobi hajui lolote kuhusu Dar es Salaam hadi mtu mzima mwenye redio amwambie, na dakika hiyo ya kuambiwa ni tukio zuri kuliko kuhamisha hadithi nzima kwenda mji wa pili.

Hatua ya 2. Amua umri, kisha urefu, kisha kipimo cha uzito

Amua haya kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, maana kila kitu kinategemea hapa.

- Miaka 8 hadi 10: maneno 10,000 hadi 15,000. Kifo kinasemwa, hakionekani. Mtu wa karibu sana na mhusika mkuu anaweza kujeruhiwa. Akifa, afe mbali na ukurasa.
- Miaka 10 hadi 13: maneno 18,000 hadi 35,000. Kifo kinaweza kuonekana kwa mbali au kupitia kitu: kofia, kiti kitupu, simu inayoita bila kupokelewa.
- Miaka 13 na kuendelea: una uhuru zaidi, lakini jeraha likae ndani ya sentensi mbili au tatu, lisienee ukurasa mzima.

Mhusika mkuu amzidi msomaji mwaka mmoja au miwili. Watoto husoma kwa kutazama juu, hawapendi kusoma habari za mdogo wao.

Hatua ya 3. Chora jedwali la safu tatu

Hii ndiyo kazi inayookoa kitabu. Safu ya kwanza ni saa, ya pili ni kilichotokea, ya tatu ni anachojua mtoto wako wakati huo. Huu hapa mfano wa shambulio la minara miwili ya World Trade Center, New York, Jumanne, tarehe 11 Septemba 2001:

- Saa 2:46 asubuhi. Ndege yagonga mnara wa kaskazini. Mtoto: anasikia kuwa kuna moto, wakubwa wengi wanadhani ni ajali.
- Saa 3:03. Ndege ya pili yagonga mnara wa kusini. Mtoto: anaona nyuso za wakubwa zimebadilika, hakuna anayesema tena neno "ajali".
- Saa 3:59. Mnara wa kusini waanguka. Mtoto: aliye mbali anaona vumbi, aliye karibu haoni kitu, anasikia tu.
- Saa 4:28. Mnara wa kaskazini waanguka. Mtoto: anatembea na umati, hajui anaelekea wapi.

Angalia: mnara uliogongwa wa pili ndio ulioanguka wa kwanza. Rasimu nyingi hugeuza, kwa kuwa akili inapenda mpangilio ulionyooka. Tangu ndege ya kwanza hadi mnara wa mwisho ni dakika 102 tu, na jedwali ndilo litakalokuzuia kumpeleka mhusika wako kwenye vituo vitano ndani ya muda huo.

Onyo kwa anayeandika Kiswahili: saa zinanasa. Chanzo cha Kiingereza kikisema 8:46 asubuhi, kwetu ni saa mbili na dakika arobaini na sita. Badilisha saa zote siku moja, umekaa mahali pamoja, halafu mtu mwingine azipitie. Usibadilishe moja moja ukiwa katikati ya kuandika. Na kama mhusika wako yuko Afrika Mashariki anasikia habari hizo hizo, ongeza saa saba: kwake ni alasiri, saa 9:46, labda ameshatoka shule.

Safu ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu wewe unajua mwisho na mtoto hajui. Habari zamani zilikwenda polepole kuliko unavyofikiri. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa tarehe 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki chini ya Lettow-Vorbeck lilisalimu amri rasmi tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, mji wa Zambia unaoitwa Mbala leo. Mpagazi kijana katika msafara ule aliendelea kubeba mzigo wa vita iliyokwisha. Ukiona pengo kama hilo kwenye jedwali lako, lizungushie wino mwekundu. Humo mna sura nzima.

Hatua ya 4. Mpe mtoto haja yake kabla ya kumpa vita

Mhusika awe anataka kitu kidogo cha kwake kabla tukio halijaingia: kurudisha kitabu alichoazima, kupatana na rafiki, kupata viatu vya mashindano. Haja hiyo isife baada ya mlipuko. Igeuke. Mtoto aliyekuwa anatafuta rafiki wa kupatana naye sasa anamtafuta kwa sababu nyingine kabisa.

Kisha jibu maswali matatu, kila moja kwa sentensi moja:

1. Siku hiyo alikuwa wapi, na kwa sababu gani? Angalia kalenda: ilikuwa siku ya shule au ya likizo?
2. Mikono yake inaweza kufanya nini? Kubeba maji, kushika mdogo wake, kupanga foleni, kupeleka ujumbe, kukumbuka njia.
3. Ni mtu mzima gani atakuwa karibu naye baada ya tukio zito? Lazima awepo mmoja, hata akiwa mgeni.

Usimfanye mtoto azuie shambulio, asimkamate gaidi, asitegue bomu. Msomaji wa miaka 10 aliyefiwa na mzazi atasoma ushujaa huo akajiuliza kwa nini yeye hakufanya hivyo. Ukitaka kujua watoto walifanya nini hasa, historia imejaa: katika Vita Kuu ya Pili watoto wa London waliokota vipande vya mabomu na makombora barabarani wakabadilishana kama karata. Hiroshima, asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, maelfu ya wanafunzi walikuwa nje wakisaidia kuondoa nyumba zilizobomolewa ili moto usipate njia ya kuenea. Mambo ya kweli kama hayo yana nguvu kuliko utakayoyabuni.

Hatua ya 5. Weka tukio mahali pake kwenye kitabu

Hapa vita na ugaidi huachana njia. Shambulio la kigaidi ni la dakika, na matokeo yake ni ya miezi. Vita ni hali ya hewa: inakuja, inatulia, inarudi.

Kwa ugaidi, chukua sura 12 za maneno 1,500 kila moja:

- Sura ya 1 na 2: maisha ya kawaida na ile haja ndogo.
- Mwisho wa sura ya 3: shambulio.
- Sura ya 4 na 5: saa za kwanza.
- Sura ya 6 hadi 9: kutafuta na kusubiri. Humu ndimo taharuki yote iliko.
- Sura ya 10 na 11: nyumbani kumebadilika.
- Sura ya 12: miezi kadhaa baadaye.

Ukiliweka shambulio mwishoni kama kilele, unakuwa umemfanya msomaji alisubiri kwa hamu, na hilo si jambo la kumfanyia mtoto.

Kwa vita, tafuta vipindi vya utulivu na uvitumie. Watoto wa miji ya Uingereza walianza kuhamishiwa mashambani tarehe 1 Septemba 1939, wakiwa na vitambulisho vya karatasi vifuani na vinyago vya gesi kwenye maboksi. Mabomu waliyoyaogopa hayakuja. Kufikia mwanzoni mwa 1940 wengi walikuwa wamesharudishwa kwao. Mashambulizi makubwa ya London yakaanza tarehe 7 Septemba 1940, na wengi wao walikuwa mjini. Mwandishi asiyejua hili humhamisha mtoto kwa treni huku mabomu yanaanguka nyuma yake. Anayelijua ana hadithi bora kuliko hiyo: mama aliyemrudisha mwanawe kwa mapenzi, na hakuna wa kumlaumu.

Vita ya Kagera nayo iangalie kwa jicho hilo hilo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mtoto wa kijiji cha mpakani anaishi miezi yote hiyo, wala si ile siku ya kwanza tu. Na ukimvusha mto Kagera baada ya daraja la Kyaka kuvunjwa, Novemba 1978, uwe na jibu amevukaje.

Hatua ya 6. Andika siku ya kawaida bila kupiga ramli

Futa kila sentensi ya aina ya "hakujua kwamba hiyo ingekuwa asubuhi yake ya mwisho ya furaha". Futa mawingu meusi na mbwa wanaolia. Anga ya New York siku ile ilikuwa safi, ya buluu, na kila aliyekuwapo anaikumbuka hivyo. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, mji wa Coventry huko Uingereza ulipopigwa mabomu, mbalamwezi ilikuwa inawaka, na mwanga huo ndio uliowafaa marubani wa Kijerumani. Ukiandika giza nene, umekosea historia, tena umepoteza picha iliyo bora: watoto waliofundishwa kuogopa mwezi.

Hatua ya 7. Andika lile tukio zito

Andika rasimu ya kwanza haraka, halafu ipime kwa macho ya mtoto. Hii hapa namna inavyoandikwa na wengi:

> Ghafla bomu kubwa lililipuka na mamia ya watu walikufa na wengine kujeruhiwa vibaya. Damu ilitapakaa kila mahali. Ilikuwa siku ya huzuni kubwa katika historia ya nchi yetu.

Makosa ni matatu. Mtoto amehesabu maiti ndani ya sekunde moja. "Kila mahali" haionyeshi mahali popote. Na sentensi ya tatu ni ya mtu anayehutubia mkutano.

Rudi kwenye daftari la ukweli. Nairobi, kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mwingine mdogo. Watu waliokuwa kwenye majengo ya jirani walikwenda madirishani kutazama, na ule mkubwa ulipokuja, vioo viliwaumiza wengi macho. Kwa hiyo dirisha ndilo tukio lako. Iandike upya:

> Kwanza ulisikika mlio kama wa mlango wa bati uliobamizwa. Wote ofisini wakainuka kwenda dirishani. Na mimi nikainuka, lakini penseli ikadondoka, ikabingirika chini ya meza, nikainama kuifuata. Nilikuwa nimeishika kwa vidole viwili meza iliporuka.
>
> Kishindo sikukisikia. Nilisikia masikio yangu yakilia, wiii, na hewa ikawa nyeupe kama unga. Nikaita, "Mama!" Sauti yangu sikuisikia. Kisha mkono ukanishika kifundo cha mguu, ukaminya mara mbili, kama Mama anavyoniminya tukitaka kuvuka barabara. Nikajua ni yeye. Kiatu chake kilikuwa mbele yangu, kimoja, kimejaa vioo.

Hakuna idadi ya waliokufa wala tone la damu, lakini msomaji wa miaka 11 ameelewa kwamba Mama alikuwa dirishani. Macho yake yatakuja sura inayofuata, hospitalini, chini ya bandeji. Mkono unaominya mara mbili ndio unaomshika msomaji pia. Bila huo, kifungu kizima ni hofu tupu. Kwa msomaji wa miaka 8, bakiza kiatu, ondoa vioo.

Kanuni za kufuata katika vifungu vya namna hii:

- Kisizidi maneno 150 kabla ya mtu mzima au sauti ya mtu kuingia.
- Tumia hisi tatu, na kuona isiwe ya kwanza. Vumbi mdomoni, mlio masikioni, joto la ukuta.
- Kila kifungu kizito kifuatwe na ukurasa mmoja au miwili ya kupumua: maji ya kunywa, blanketi, mtu anauliza jina lako.
- Usimalizie sura kwenye kifo. Mtoto anayesomewa kabla ya kulala atabaki hapo usiku kucha.
- Usieleze silaha inatengenezwaje, inafichwaje au inasafirishwaje, hata kwa sentensi moja. "Bomu lilikuwa ndani ya lori" inatosha kabisa.

Kuhusu sadfa. Ile penseli ni sadfa, na katika mashambulio ya kweli mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyotenganisha waliopona na wasiopona. Ruhusu moja tu, na iwe mwanzoni. Halafu kuwa mwangalifu mno na maelezo yake. Mhusika yeyote asiseme "Mungu alikuokoa kwa sababu wewe ni mtoto mwema" bila mwingine kumjibu. Kuna mtoto atakayesoma sentensi hiyo akiwa amefiwa na mtu mwema.

Hatua ya 8. Eleza aliyefanya, na sababu, kwa sentensi chache

Mtoto atauliza "kwa nini?" Usikwepe. Mweke mtu mzima amjibu kwa sentensi tatu au nne: kundi liitwalo al-Qaeda liliua watu wasio wapiganaji ili kuwatisha wengine wengi na kuilazimisha serikali ya Marekani, waliokufa Nairobi wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au njiani. Halafu mtu mzima huyo aruhusiwe kusema, "Hata mimi sielewi vizuri." Ni jibu la kweli na watoto huliheshimu.

Mshambuliaji atambulike kwa kitendo chake na kundi lake. Usimtambulishe kwa kanzu, ndevu, lafudhi au jina la kabila, kwa kuwa darasani kuna mtoto ambaye baba yake anavaa hivyo na kuongea hivyo. Usimpe sura yake ya kusimulia.

Maneno ya Kiswahili nayo yana mitego yake hapa. "Kujitoa mhanga" asili yake ni kujitoa kafara kwa ajili ya wengine, na msomaji mdogo atasikia sifa. Andika "aliyejilipua". Neno "wahanga" kwa waliouawa linamchanganya zaidi, kwa sababu ni neno lile lile kwa muuaji na aliyeuawa. Andika "waliouawa", "waliojeruhiwa", "manusura". "Shahidi" ni aliyeona na pia ni aliyekufa kwa imani yake, kwa hiyo tumia "aliyeshuhudia". Na adui wa vitani abaki mtu, mwenye ngeli ya mtu: "wanajeshi walivuka", kamwe si "mijitu ilivuka".

Hatua ya 9. Malizia kwa kitendo

Baada ya tukio, watoto wengine hushtukia milango, hukojoa kitandani, humganda mzazi, hukasirika ovyo, hawataki kulala peke yao. Chagua dalili moja, mpe mhusika wako, na usiiponye ndani ya sura moja. Ipungue kidogo tu.

Mwisho mzuri ni kitendo kidogo kinachojibu ile haja ya sura ya 1: anavuka ile barabara, anarudisha kile kitabu, anaketi tena karibu na dirisha. Hotuba ya kusamehe isiyo na chanzo chochote humo ndani itasikika ya uongo hata kwa mtoto.

Hatua ya 10. Andika maelezo ya mwandishi

Maneno 400 hadi 600, nyuma ya kitabu, kwa lugha ya mtoto yule yule. Sema kipi ni cha kweli, kipi umebuni, na kipi umekisogeza. Takwimu zikae hapa: watu 213 waliuawa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Ongeza sentensi inayomwambia msomaji kwamba akihuzunika anaweza kuzungumza na mtu mzima anayemwamini.

Viongozi halisi wabaki kwenye yale yaliyo kwenye kumbukumbu za umma. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978. Mtoto wako anaweza kuisikia hotuba hiyo redioni, lakini nukuu kutoka kwenye kumbukumbu iliyorekodiwa, neno kwa neno. Usimtungie mazungumzo.

Hatua ya 11. Zungumza na walioshuhudia, kisha jaribu mswada

Mwombe aliyeshuhudia ruhusa mapema, mwambie unaandika nini, na usikae naye zaidi ya dakika 45 kwa mara moja. Anza na mambo ya kawaida: asubuhi ile ulivaa nini, ulikuwa darasa la ngapi, nani alikuamsha. Akinyamaza, nyamaza. Usitumie jina lake wala maisha yake yote kwa mhusika mmoja. Changanya mambo ya watu watatu. Watoto walionusurika wasihojiwe kabisa.

Mswada ukiwa tayari, mpe kwanza mwalimu au mshauri nasaha. Kisha usome kwa sauti mbele ya watoto wako watatu hadi watano, sura moja kwa siku, mchana, mzazi wa kila mmoja akijua kinachosomwa. Usiwaulize kama wamependa. Waulize, "Ulidhani nini kitatokea?" na "Wapi ulitaka niache?" Weka alama walipotazama pembeni.

Kasoro zinazojitokeza na namna ya kuzirekebisha

*Mhusika anaongea kama kitabu cha historia.* Tafuta maneno ambayo hayakuwepo. Askari wa 1916 hawezi kusema "Vita ya Kwanza", maana hakuna aliyejua kuna ya pili. Jioni ya Septemba 11 tukio lilikuwa bado halina jina.

*Taharuki imekufa katikati.* Mara nyingi ni simu. Umempa mhusika wa 1998 simu ya mkononi, akampata mzazi ndani ya dakika tano. Wakati ule Nairobi simu hizo zilikuwa za wachache mno. Mrudishe kwenye simu za mezani, miguu na redio, na sura nne za kutafuta zitajiandika. Hata New York mwaka 2001 simu zilikuwepo lakini mitandao ililemewa.

*Watoto wanachoka sura ya kwanza.* Umeeleza siasa. Kata kila kinachohusu serikali, ukiingize kipande kipande kuanzia sura ya 5, tena kwa njia ya swali la mtoto.

*Wanalia, kisha hawataki kuendelea.* Hesabu kurasa kati ya kifungu kizito kimoja na kingine. Zikiwa chini ya sita, ongeza pumzi. Angalia pia kama mtu mzima wa hatua ya 4 ametoweka; hutokea sana, hasa pale mwandishi alipomuua mzazi bila kuweka mwingine.

*Mazungumzo hayalingani na mahali.* Mtoto wa London wa 1940 anatoa methali za pwani yetu, au anatumia maneno ya vijana wa leo. Mwandikie Kiswahili cha kawaida, sentensi fupi, bila methali ya mahali ambapo hajafika.

*Mtu aliyekuwepo anasema "haikuwa hivyo".* Msikilize hadi mwisho, rudi kwenye jedwali, linganisha na gazeti la siku ile. Kumbukumbu za watu hutofautiana kwa saa na kwa mtaa. Yeye akiwa sahihi, rekebisha. Vyanzo viwili vilivyoandikwa siku ile vikimpinga, bakiza ulivyoandika, na kwenye maelezo ya mwandishi eleza kwamba wako wanaoikumbuka siku hiyo kwa namna nyingine.